Mwache Aombe Fizikia, na Alipe kwa Laini Yake

Kila mwaka matokeo ya KCSE yakishatoka, kibanda changu cha uwakala hapa Kitale hugeuka ofisi ya ushauri. Mzazi anakuja kuweka pesa, lakini pesa si shida yake. Shida ni mtoto. Anasimama kando ya dirisha, anangoja foleni iishe, kisha anainama: "Wakala, hebu niangalizie hii. Ati nilipe elfu moja na mia tano ndio mtoto achaguliwe chuo. Ni ya ukweli ama tunaliwa?"

Ni ya ukweli. Ada ya kuomba nafasi kupitia KUCCPS, ile idara ya serikali inayowapanga wanafunzi vyuoni, imekuwa shilingi 1,500 miaka hii ya karibuni, na hulipwa kwa simu kupitia ile Paybill ya serikali ya eCitizen, 222222. Hapo huwa najibu haraka. Swali linalofuata ndilo gumu, na mara nyingi mzazi haliulizi kama swali. Analisema kama hukumu: "Na nimemwambia aweke ualimu ama uuguzi. Hiyo fizikia yake aachane nayo."

Nataka kusema juu ya hilo leo, na najua kuna wateja hawatafurahi.

Mwaka jana lilinifika nyumbani. Dada yangu ameolewa Chwele, kule Bungoma. Binti yake alisoma shule ya kutwa, na darasani mwao wasichana waliobaki na fizikia baada ya kidato cha pili walikuwa wanne tu. Wengine wote waliiacha, maana sheria inakuruhusu kuchagua sayansi mbili, na wengi hukimbilia bayolojia na kemia. Yeye alibaki. Likizo akija kwangu Kitale alikuwa akifungua redio zangu mbovu na kuniuliza, "Khocha, unajua hii koili inafanya nini?" Mimi sijui. Mimi najua kuhesabu noti.

Matokeo yalipotoka alikuwa na B ya jumla, fizikia B+. Akasema anataka kusoma fizikia chuo kikuu. Shemeji yangu akanyamaza siku mbili. Siku ya tatu akanipigia simu: "Shemeji, ongea na huyu mtoto wako. Fizikia itamlisha nani?"

Sitamcheka shemeji. Mtu anayelima ekari moja na nusu ya mahindi, akauza gunia gunia ili alipe karo miaka minne, ana haki ya kuuliza kazi iko wapi. Ninawajua vijana wenye digrii za sayansi wanaoendesha boda boda hapa Kitale, na mmoja anauza laini za simu mita hamsini kutoka kibanda changu. Yeyote anayekuambia digrii ya fizikia inakungojea na kazi mlangoni anakudanganya. Lakini digrii gani siku hizi inakungojea mlangoni? Hao vijana wa boda boda nikiwauliza walisoma nini, nasikia biashara, nasikia ualimu, nasikia maendeleo ya jamii. Ukosefu wa kazi haukuanza na fizikia.

Tena, mtu akisema fizikia haina kazi, huwa nakitazama kifaa alichoshika mkononi. Hiyo simu unayotumia pesa inaongea na mnara kwa mawimbi ya redio. Mawimbi hayo yalithibitishwa na Mjerumani mmoja, Heinrich Hertz, akiwa na waya na cheche katika maabara yake miaka ya 1880. Leo shilingi mia mbili zinatoka Webuye zinafika Mombasa kabla hujarudisha simu mfukoni. Mnara ukizimika mimi sina kazi. Umeme wa bwawa la Turkwel, hapo juu yetu Pokot Magharibi, ni maji yanayoanguka na kuzungusha mtambo, na hiyo imo kwenye silabasi ya sekondari. Mashine ya eksirei hospitalini, paneli ya sola juu ya paa, mizani ya kupimia mahindi ambayo wanunuzi wengine huichezea, yote kuna mtu lazima aelewe inafanyaje kazi na ni lini inadanganya. Wagonjwa wa saratani wanaotibiwa kwa mionzi wanamtegemea mtu wa fizikia anayepima kipimo cha mionzi hiyo, kwa sababu ikizidi inaua na ikipungua haiponyi. Huyo si daktari, na si nesi. Ni mwanafizikia.

Na kuna jambo ambalo mimi mwenyewe nilifundishwa na huyu mpwa wangu. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, satelaiti ilirushwa kutoka jukwaa lililosimama baharini karibu na Malindi, ule mradi wa Waitaliano wa San Marco. Ilikuwa satelaiti ya kwanza kutengenezwa mahususi kwa kutazama anga kwa eksirei, na kwa sababu ya siku hiyo ikaitwa Uhuru. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002. Kwa nini waje mpaka Malindi? Kwa sababu dunia inazunguka, na kwenye ikweta ardhi yenyewe inakimbia kama kilomita 1,670 kwa saa kuelekea mashariki, kwa hivyo roketi inaanza safari ikiwa tayari imesukumwa. Sisi wa Kitale na Bungoma tunakaa juu kidogo tu ya ikweta. Tunakimbia hivyo kila siku na hatujui. Mtoto aliniambia haya tukila muthokoi, nami nikaona aibu kidogo, maana nimesikia jina Malindi maisha yangu yote na sikuwahi kuliunganisha na kitu kama hicho.

Sasa niseme yale yaliyotokea, kwa sababu hapa ndipo pesa ya simu inapoingia.

Shemeji alikubali shingo upande. Alimpa mtoto shilingi 2,000 taslimu, akamwambia aende saiba. Kwa nini saiba? Kwa sababu mtoto hakuwa na laini. Alikuwa amefikisha miaka 18 mwezi wa pili, kitambulisho hakijatoka, na bila kitambulisho husajili laini kwa jina lako. Alikuwa akitumia laini ya mama. Basi kijana wa saiba akasema, "Wacha nitumie namba yangu, ni haraka." Akaingia kwa namba ya mtihani ya mtoto, akabadilisha paswadi, akaweka simu yake na barua pepe yake, akalipa kwa simu yake, akapokea shilingi 2,000. Na kozi? Hapo ndipo mambo yaliharibika. Mtoto anasema alitaja tatu za fizikia. Kijana akamwambia, "Siste, hizo utakosa kazi. Nakuwekea kitu kinauzika." Akaweka mbili za biashara juu, na moja ya fizikia chini kabisa. Mtoto akaona haya kubishana na mtu mzima mbele ya foleni.

Mimi sikujua hadi wiki mbili baadaye. Nikamwambia afungue akaunti abadilishe. Haikufunguka. Paswadi anayo kijana wa saiba, na ukiomba mpya, ujumbe unaenda kwenye simu ya kijana wa saiba. Tulirudi huko mara mbili. Mara ya kwanza amesafiri. Mara ya pili akataka mia tano "ya kufungua". Nilimpa, niwe mkweli, maana siku zilikuwa zinaisha na sikutaka kesi. Lakini nilikasirika, na hasira haijaisha.

Wengi mnadhani la kujifunza hapo ni usalama wa paswadi. Ndiyo, lipo. Ila mimi niliona kitu kingine. Tangu mwanzo hadi mwisho, anayeshika simu ndiye aliyechagua kozi. Baba alishika pesa, akataka uuguzi. Kijana wa saiba alishika simu, akaweka biashara. Yule atakayekaa miaka minne darasani hakushika chochote. Elfu moja na mia tano ni pesa ndogo ukilinganisha na karo, lakini anayeibonyeza ndiye anayeamua, na tunaichukulia kama jambo la kutumwa dukani.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya: mtahiniwa awe na laini yake, kwa jina lake, na alipe mwenyewe, mkono wake, macho yake kwenye skrini. Kama hajafika miaka 18, mzazi asajili laini kwa niaba yake na ampe aitunze. Akifika 18, kitambulisho kifuatwe wiki hiyo hiyo, si wakati wa kuripoti chuoni. Msiniambie ni mambo madogo. Laini hiyo hiyo ndiyo atakayoihitaji akiomba pesa za masomo, na mkopo wa HELB hauombwi kwa laini ya mjomba.

Na hizo 1,500 zisiwe za kukopa. Naona watu wanafungua mkopo wa simu usiku wa kufunga maombi, wanalipa ada ya mkopo juu ya ada ya maombi, halafu wiki inayofuata salio lao linakatwa kila wakiweka mia. Mimi ni wakala, kamisheni yangu inaongezeka mkizungusha pesa, lakini nawaambia: shilingi 50 kwa wiki, wiki 30, ni shilingi 1,500 kamili. Anza mtoto akifungua kidato cha nne, na kufikia mitihani ya Novemba umemaliza. Hamsini ni nini? Kuna vijana hapa sokoni wanaoweka zaidi ya hiyo kwenye mikeka ya mpira kila Jumamosi. Kama simu yako ina sehemu ya kuweka akiba isiyoguswa, iweke huko. Ikikaa kwenye salio la kawaida, utainunulia mafuta ya kupikia, nami sitakulaumu.

Siku ya kulipa, soma. Namba ya Paybill iandike kama ilivyo kwenye tovuti, si kama rafiki alivyoisema kwa simu. Namba ya akaunti ni ile uliyopewa kwenye ukurasa wako wa maombi, si jina la mtoto, si namba ya kitambulisho. Kabla ya kuweka PIN, tazama jina la unayemlipa. Likiwa jina la mtu, kwa mfano jina moja la ubatizo na moja la ukoo, simama. Serikali haina jina la ubatizo. Baada ya kulipa usifute ujumbe. Mwandikie mtoto ile namba ya muamala kwenye daftari, maana ukurasa unaweza kuchelewa kuonyesha kwamba umelipa, na watu wakipata wasiwasi hulipa mara ya pili.

Kuna wale wengine pia. Maombi yakiisha na majina yakikaribia, simu zinaanza. Shemeji alipigiwa akiwa shambani. Sauti tamu, Kiswahili cha ofisini: mtoto wako ameachwa nje kwa klasta pointi mbili, lakini kuna nafasi, tuma 3,500 sasa hivi kwa namba hii tumsukume. Wakajua jina la mtoto na shule yake. Shemeji alikuwa na 3,000. Akanipigia nimwongezee 500. Bahati yetu ni hizo 500 zilizopungua, maana angekuwa nazo zote angetuma bila kuniuliza.

Hakuna mtu anayeweza kumsukuma mtoto wako kwa 3,500. Klasta ni hesabu. Kwa kozi ya fizikia wanachukua masomo manne, hisabati na fizikia zikiwemo, kila somo lina alama hadi 12, jumla 48, kisha wanaoanisha na matokeo yako ya masomo yote. Halafu waombaji wa kozi wanapangwa kutoka juu kwenda chini mpaka nafasi ziishe. Kubadilisha kozi kunafanywa na mwanafunzi mwenyewe kwenye ukurasa wake, muda wa kubadilisha ukifunguliwa, au kwa kuomba uhamisho kupitia tovuti ile ile. Namba ya mtu binafsi haiingii popote katika safari hiyo. Ukishatuma, piga huduma kwa wateja dakika hiyo hiyo, usingoje kwanza "uongee naye". Ataongea nawe vizuri sana huku akitoa pesa kwa wakala mwingine, pengine mimi mwenyewe bila kujua.

Nirudi kwa fizikia, maana sijamaliza na shemeji.

Alipotulia tulikaa naye Chwele, na nikaacha kumshawishi kwa mambo ya satelaiti. Mkulima anataka kujua njia. Nikamwambia, fizikia ina milango miwili na lazima mjue mnabisha upi. Kuna Shahada ya Sayansi katika fizikia yenyewe, na kuna Shahada ya Elimu ya Sayansi, ambayo mtoto anafunzwa kufundisha fizikia na hisabati. Akitoka na ile ya kwanza, TSC haimsajili kuwa mwalimu mpaka aongeze diploma ya ualimu juu yake. Akitoka na ya pili anasajiliwa, mradi alipata C+ ya jumla na C+ katika masomo hayo mawili kwenye KCSE. Wengi hawaambiwi hivi, wanagundua wakiwa na gauni la mahafali mabegani. Lakini pia yule wa ualimu asidhani amefungiwa. Ndugu Peter Tabichi, mwalimu wa hisabati na fizikia katika shule ya sekondari ya Keriko kule kaunti ya Nakuru, alishinda tuzo ya mwalimu bora duniani mwaka 2019, dola milioni moja, akifundisha shule ya kijijini yenye kompyuta moja. Shemeji alipenda sana hiyo ya dola.

Tulichora kwenye karatasi. Juu kabisa, kozi ya elimu ya nyota pale Chuo Kikuu cha Nairobi, maana hiyo ndiyo ndoto yake na ndoto huwekwa juu. Kisha fizikia Masinde Muliro, Kakamega. Kisha fizikia Eldoret. Chini, elimu ya sayansi Kibabii, chuo kilicho barabara hii hii ya kutoka Bungoma kuja Chwele, ambako angelala kwao na kula ugali wa mamake bila kulipa kodi ya nyumba. Kwa mara ya kwanza shemeji akaona orodha inayomhusu. Akauliza swali moja la maana sana: "Hii ya Nairobi, chumba ni pesa ngapi?" Hakuna aliyekuwa amefikiria chumba. Sisi sote tulikuwa tunabishana juu ya kazi ya mwaka wa tano na hakuna aliyehesabu kodi ya mwezi wa kwanza.

Na hilo ni la kuhesabu mapema, kwa sababu tangu 2023 kupata nafasi na kupata pesa ni mambo mawili. KUCCPS ikishakupanga, bado unaomba ufadhili na mkopo mwenyewe, kando, na unachopewa kinategemea hali ya nyumbani kwenu. Mfumo huo umefikishwa hadi kortini na bado unabishaniwa, lakini mtoto wa mwaka huu hawezi kungoja wanasheria wamalize. Asipoomba, barua inaletwa nyumbani na bei kamili ya kozi, na sayansi si kozi ya bei rahisi, kuna maabara ndani yake.

Mambo ya kubadilisha yalifanywa kwenye kibanda changu, kwa simu yake mwenyewe, kitambulisho kikiwa kimetoka siku nane kabla. Mimi nilikaa upande ule mwingine wa dirisha. Alisoma kila kitu mara mbili, akalipa, akanionyesha ujumbe. Nilitaka kusema kitu lakini kulikuwa na mteja anataka kutoa elfu nne.

Alipangiwa Masinde Muliro, fizikia. Nairobi hakupata, klasta ilimpungukia kidogo, na alilia jioni moja. Shemeji alinipigia usiku huo, si juu ya kulia. Alikuwa ametuma 300 kwenye laini ya mtoto za kuchapisha barua ya kujiunga, na ujumbe ukaja na jina lake kamili, majina yote matatu. Akanisomea jina hilo mara mbili. Kisha akaniuliza kama ni kweli kwamba Malindi waliwahi kurusha kitu juu, na ilikuwa saa ngapi.